Dakika Tatu za Kulipita Lori Jingine

Kila Mswahili mwenye gari dogo hapa Marekani akijua kwamba naendesha lori, lalamiko lake huwa ni lilelile. "Kaka, hivi nyie mnakuwaje? Barabara ina leni mbili, lori moja limeshika kulia, jingine linalipita kushoto na halimalizi, sisi huku nyuma tumepanga foleni." Wana haki ya kulalamika. Nimeendesha malori Tanzania kabla sijaja Ohio, na nimekaa upande wa aliye nyuma pia, na familia garini, na haraka zangu. Lakini jibu lake ni refu kuliko watu wanavyotarajia, kwa sababu linagusa namna dereva anavyolipwa, na linagusa habari hii tunayoambiwa kila mwaka kwamba madereva wa malori hawatoshi.

Tuanze na hesabu. Kampuni nyingi kubwa huku hufunga spidi gavana. Tuseme langu limefungwa maili 65 kwa saa, karibu kilomita 105. Barabara kuu za Ohio nje ya miji zinaruhusu maili 70, ila hata nikikanyaga mafuta hadi mwisho, lori haliongezi kitu. Aliye mbele yangu amefungwa 64 na kampuni yake. Lori langu pamoja na tela la futi 53 ni kama mita 22, na lake ni hivyohivyo. Ongeza nafasi ya kutokea nyuma yake na nafasi ya kurudi mbele yake bila kumbana, unapata kama mita 80 ambazo lazima nimzidi. Kwa tofauti ya maili moja kwa saa, hizo mita 80 zinachukua karibu dakika tatu. Ndani ya dakika hizo tumeshakwenda kilomita tano tukiwa ubavu kwa ubavu, na aliye nyuma kwenye gari dogo anaamini tunafanya makusudi.

Msimamo wangu katika hili ni mmoja. Kwa tofauti ya maili moja, usitoke. Kaa nyuma, acha nafasi, subiri mlima. Kwenye mlima mwenye mzigo mwepesi atajulikana. Na kama mwenzako ameshatoka na yuko ubavuni kwako, basi wewe unayepitwa ndiye mwenye uwezo wa kuyamaliza. Punguza maili mbili au tatu kwa muda mfupi, atapita, foleni itafunguka, na utakuwa umepoteza sekunde chache tu. Wapo wanaoona ni kushindwa. Wanashikilia mwendo wao, macho mbele, na kumwacha mwenzao aning'inie leni ya kushoto na magari thelathini nyuma yake. Hilo silielewi hata leo.

Nadhani silielewi kwa sababu ya barabara iliyonifundisha. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, mpakani na Zambia, ni zaidi ya kilomita 900, na sehemu kubwa ni leni moja kwenda na moja kurudi. Anayetaka kukupita lazima aingie upande wa magari yanayokuja. Maana yake ni kwamba unayepitwa huwezi kusema hayakuhusu. Umekaa juu, unaona mbele. Yeye yuko chini, nyuma ya tela lako, haoni chochote ila mlango wa kontena.

Nilipokuwa utingo, mzee aliyenifundisha kazi alikuwa anaongea kwa taa kuliko kwa mdomo. Siku za mwanzo, tukiwa tumetoka Mikumi, nilimwuliza: "Mzee, mbona unawasha indiketa ya kulia na hatukati kona?"

"Namwambia wa nyuma asubiri. Kuna basi linakuja."

Basi likapita kwa kishindo. Akazima ya kulia, akachungulia mbele, akachungulia kioo, akawasha ya kushoto. Gari dogo likachomoka na kupita, likapiga honi fupi mara mbili.

"Ukiwasha hiyo ya kushoto, mwanangu," akasema, "umemdhamini mtu roho yake. Usiwashe kwa kukisia."

Ndiyo lugha ya barabara ile: kulia, bado, kushoto, njia nyeupe. Usiku ukipishana na lori jingine unawasha ya kulia ili mwenzako aone ubavu wako unaishia wapi, maana taa za mbele zinaumiza macho na upana wa bodi hauonekani. Lugha hii ina hatari yake, lazima niseme. Indiketa ya kulia ndiyo hiyohiyo ya anayekata kulia kweli kuingia kijijini, na ya kushoto ndiyo ya anayetaka kupaki. Watu wamekufa kwa kusoma taa vibaya. Kwa hiyo nilifundishwa, na nafundisha, kwamba taa ya mwenzako ni ushauri tu. Kabla hujatoka, jicho lako mwenyewe lione barabara.

Mlima Kitonga, kwenye njia hiyohiyo, hakuna mjadala. Pale hupiti mtu. Kona zimefungana, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde, na lori lenye mzigo linapanda kwa gia ya chini kabisa. Mzee alikuwa na desturi moja ambayo sikuiona kwa wengi: akifika juu, mahali pa kwanza penye nafasi ya kutosha, anatoka pembeni na kusimama kidogo ili ile foleni yote nyuma yake ipite. Hakuna aliyemlazimisha, na trafiki hayupo. Tunakaa pale, injini inapumua, magari yanapita moja moja, mengine yanapiga honi ya ahsante. Kisha anaingia tena barabarani.

Nilipokuja huku nilikuta taa zinaongea pia, ila kwa lafudhi nyingine. Hapa indiketa ni ya kuonyesha unakoelekea tu. Ukimwashia mtu indiketa ya kumruhusu apite hatakuelewa. Lugha ya huku ni baada ya kupitwa. Piga picha: usiku, mvua, barabara kuu ya I-70 ndani ya Indiana. Umempita mwenzako kushoto na sasa unataka kurudi kulia. Kwenye kioo unaona taa mbili zinazoelea ndani ya maji. Huwezi kujua tela lako limemalizika wapi na yeye anaanzia wapi. Yeye anajua, kwa sababu anatazama mlango wako wa nyuma. Anazima taa zake za mbele na kuziwasha mara moja, haraka. Maana yake: mkia umepita, ingia. Unaingia taratibu, kisha unazima na kuwasha taa ndogo za tela mara mbili. Ahsante. Basi, mmemalizana, na pengine hamtaonana maisha yenu yote. Asichotakiwa kufanya ni kukupiga fulu, yaani taa kali, maana vioo vya lori ni vikubwa na mwanga wote unakuingia machoni wakati ule ule unapohitaji kuona.

Desturi hii inakufa. Wazee wa kazi wanasema hivyo na mimi mwenyewe nimeiona ikipungua. Kijana mmoja wa Bukavu niliyekuwa namwelekeza aliniuliza kwa nini lori lile "limezimika taa", akidhani lina hitilafu. Alikuwa ameshamaliza shule, ana leseni, ameshaajiriwa. Hakuna aliyemwambia. Sio kosa lake. Mambo haya hayamo kwenye mtihani. Yanapita kutoka kwa aliyekaa miaka kwenye kazi kwenda kwa aliyeingia jana, na siku hizi aliyekaa miaka haonekani.

Hapo ndipo habari ya uhaba inapoingia.

Mwaka 2021 chama cha wenye kampuni za malori, American Trucking Associations, kilisema Marekani inapungukiwa na madereva 80,000. Namba hiyo ilizunguka kila mahali, hata kwenye simu za ndugu zetu Dar na Nairobi, ikawa kama tangazo la kazi: njoo, wanatafuta watu. Wanachokisema kidogo ni hiki: katika kampuni kubwa za mizigo ya masafa marefu, kiwango cha madereva kuondoka na kubadilishwa ndani ya mwaka mmoja kimewahi kupita asilimia 90, tena si mwaka mmoja. Kampuni yenye viti 100 inaweza kulazimika kuajiri karibu watu 90 kwa mwaka ili ibaki palepale ilipo. Wachumi walioandika kwenye jarida la idara ya takwimu za kazi ya serikali mwaka 2019 walilitazama soko hili wakaona halina ugonjwa wa ajabu. Linaenda kama masoko mengine ya kazi. Chama cha madereva wanaomiliki malori yao, OOIDA, kimekuwa kikisema kwa miaka kwamba watu wenye leseni wapo, ila hawataki kubaki.

Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Dereva mpya analipwa kidogo kuliko mkongwe, hajui haki zake, na hajui ghala lipi linakula siku nzima. Anayeondoka amechoka, anayeingia ana deni la shule ya udereva. Sisemi kila mwenye kampuni anapenda hivyo. Nasema kama lingekuwa linawauma sana, wangeshaliziba zamani.

Na tundu lenyewe nalijua lilipo, kwa sababu nimekaa ndani yake. Tunalipwa kwa maili. Tairi zisipozunguka, hela hazizunguki. Sheria inaniruhusu kuendesha saa 11 ndani ya dirisha la saa 14, na tangu Desemba 2017 saa hizo zinahesabiwa na kifaa kilichounganishwa na injini, huwezi kuandika unachotaka kama enzi za daftari. Dirisha la saa 14 likifunguka halisimami kwa sababu tu umesimama ghalani. Naanza kazi saa kumi na moja alfajiri. Nafika ghala saa moja, nina miadi ya saa mbili. Naripoti dirishani, napewa namba ya geti la kupakulia, narudisha tela nyuma kwa uangalifu, nasubiri. Taa ya geti ni nyekundu, yaani bado. Mpakuaji anaenda mapumziko, anarudi, anaenda kula. Taa inageuka kijani saa nane mchana. Kwa kawaida saa mbili za kwanza za kusubiri hazilipwi kabisa, na zinazofuata hulipwa kama dalali wa mizigo na kampuni wamekubaliana, na kama umekumbuka kupiga picha karatasi zenye muhuri wa saa. Dirisha langu linafungwa saa moja jioni. Kati ya zile 11 nimeendesha mbili tu, lakini dirisha limeniachia saa tano, na mbele yangu kuna Columbus wakati wa foleni, na ikifika jioni lazima nitafute mahali pa kulala lori, na vituo vinajaa mapema.

Huyo ndiye mtu mnayemwona leni ya kushoto akimpita mwenzake kwa maili moja. Anajaribu kuokota kile alichoibiwa getini. Nimesema sikubaliani naye, na bado sikubaliani. Ila najua alikotoka asubuhi. Kama saa zile za getini zingelipwa kama saa za kazi, wengi wangebaki leni ya kulia, na wengi wangebaki kwenye kazi yenyewe. Sheria ya mwaka 1938 inayompa mfanyakazi wa Marekani malipo ya moja na nusu kwa saa za ziada imemwacha nje dereva wa malori ya masafa marefu mpaka leo. Na baada ya sheria ya 1980 iliyofungua biashara ya mizigo kwa ushindani wa bei, nauli zilishuka na mishahara ikazifuata.

Kwetu jambo ni hilohilo, limevaa nguo nyingine. Tanzania husikii wenye malori wakilia kwamba hakuna watu wenye leseni. Vijana wenye daraja E, leseni ya malori makubwa, wapo wengi vijiweni. Kinacholiliwa ni mtu wa kuaminiwa kushuka na tani 56 mteremko wa Iwambi, Mbeya. Mtu huyo anatengenezwa kwa miaka, lakini analipwa kwa safari. Foleni ya Tunduma ikilala siku kadhaa, posho ni ileile. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilichozinduliwa Oktoba 2019 kimewaweka maofisa wa nchi mbili mahali pamoja, na hilo ni jema, lakini dereva aliyekwama Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, bado anakula kutoka mfukoni. Madereva walipogoma Aprili 2015, watu walikumbuka zaidi abiria waliokwama vituoni, na mimi nilikumbuka kwamba mojawapo ya madai lilikuwa mkataba wa ajira wa maandishi.

Nirudi barabarani, kwa ajili ya wenye magari madogo, kwa sababu adabu haiko upande wa lori peke yake. Unapoingia barabara kuu, ile njia ya kuingilia ni ya kupata mwendo. Ifikie mwisho ukiwa na mwendo wa barabara. Sheria inakutaka wewe unayeingia utoe nafasi. Leni ya kushoto ikiwa tupu nitahama nikupishe, na madereva wengi wanafanya hivyo. Ikiwa imejaa, msaada wangu kwako ni kutobadilisha mwendo, ili uweze kukadiria kama unapita mbele au nyuma. Usisimame mwisho wa njia. Usikae upande wangu wa kulia ukitembea sambamba nami. Kama huoni uso wangu kwenye kioo changu, ujue mimi sikuoni wewe. Na ile nafasi ninayoiacha mbele sijaisahau pale. Kwa maili 65 nikiwa na mzigo kamili, kama tani 36, nahitaji takriban mita 160 kusimama. Ukichomekea na kukanyaga breki umeniondolea kitu ambacho siwezi kukutengenezea kingine kwa wakati.

Wageni tunaoingia kwenye kazi hii sasa hivi ni wengi: Wakongo, Wasomali, Wakenya, sisi Watanzania. Tangu Februari 2022 lazima upite shule iliyosajiliwa, lakini sheria haikuweka idadi ya chini ya saa za mafunzo, hivyo wapo wanaotoka baada ya wiki chache. Na tangu 25 Juni 2025, askari akiona huwezi kuzungumza naye kwa Kiingereza au huzitambui alama za barabarani, anakuweka kando palepale, huendeshi tena. Inauma kuona mtu wa umri wa baba yangu, aliyeendesha Lubumbashi hadi Kolwezi bila kukwaruza bampa, akitetemeka mbele ya askari. Lakini siwezi kusema alama hazina maana. Tunakaa kwenye simu na wenzetu, mmoja anakuwa askari, mwingine dereva. Umetoka wapi? Umebeba nini? Alama hii ina maana gani? Wengine wanazijua ndani ya mwezi, walichokosa ni mtu wa kukaa nao na kuwafundisha.

Alama ninayoikazania kuliko zote ni ile ya njia ya dharura ya lori lililokosa breki. Aprili 2019, kijana wa miaka 23 aliyehamia kutoka Cuba alishuka milima ya Colorado kwa I-70, breki zikamkataa, akaipita njia ile ya dharura, akaingia kwenye foleni ya magari yaliyosimama Lakewood. Watu wanne walikufa. Mahakama ilimhukumu miaka 110 Desemba 2021, na gavana akaipunguza hadi 10. Kila ninapolisimulia namwona mzee wangu juu ya mteremko, mkono kwenye gia, ananiambia gia ya kushukia huchaguliwa juu, ukishaanza kushuka umechelewa. Na kwamba anayetia nyutro ili abane dizeli anauza watu wote walio chini. Kijana yule alihitaji mtu wa namna hiyo kando yake. Angempata wapi, kwenye kazi ambayo watu wake wanaondoka kabla hawajawa wazee?

Sasa ndugu zangu wananipigia: niingie? Ninawaambia kazi ni ya heshima na inalisha, na nawaambia maswali ya kuuliza ofisini kabla ya kusaini. Nitapanda na mwalimu kwa muda gani, na mwalimu huyo ana miaka mingapi barabarani? Mara nyingine mwalimu mwenyewe ana miezi sita. Saa ya kusubiri ghalani inalipwaje, na kuanzia saa ya ngapi? Lori limefungwa maili ngapi? Nikikataa kushuka mlima kwenye barafu, nani anaamua, mimi au aliye ofisini? Deni la shule linaisha lini, na nikiondoka mapema nadaiwa kiasi gani? Majibu yawe kwenye karatasi. Mdogo wangu mmoja aliuliza hayo mwaka jana, mwajiri akamwambia hayo wataongea baada ya kuanza kazi. Akashukuru, akatoka, akaenda kuuliza kampuni ya pili, na ya tatu ndiyo iliyompa karatasi.